Ufadhili wa Utafiti kwa Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza Uganda: Sera za Umma na Masuala ya Kimataifa. Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jumamosi asubuhi huwa nasoma mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi kwenye mgahawa mmoja hapa Wandegeya, Kampala, chai ya maziwa na chapati zikiwa kando. Wengi wanatoka vyuo vikuu vya Makerere na Kyambogo. Wengine ni Wakenya na Watanzania wanaosoma upande wa Kansanga, na wapo vijana wa Kikongo waliokulia makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Lugha inayotukutanisha mezani ni Kiswahili. Maswali wanayoniletea yanafanana mno, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu kama ninavyoyatoa. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye swali lake, lakini lile linalouliza namna ya kupata swali la utafiti naomba msiliruke. Waombaji wengi huanguka hapo.

Ufadhili wa utafiti ni kitu gani, na unatofautianaje na ufadhili wa ada?

Ufadhili wa ada unakulipia masomo. Huo ndio wengi wanaoujua: udhamini wa serikali katika vyuo vya umma, ufadhili wa wilaya, wa makanisa na misikiti, na wa mashirika. Ufadhili wa utafiti huwa na fedha kidogo na muda mfupi. Mtu au taasisi inakugharamia ujibu swali moja: nauli, malazi, chakula cha siku za uwanjani, kuchapa hojaji, malipo ya mkalimani, ada ya kamati ya maadili, na pengine posho kidogo ya kukuweka mjini likizo nzima. Mingine inakuja na mlezi, yaani mtafiti mzoefu anayekutana nawe kila wiki. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya posho nono bila mlezi na posho ndogo yenye mlezi, chukua mlezi.

Mimi nasoma ualimu (au sheria, uchumi, uuguzi, kilimo). Sera za umma zinanihusu?

Zinakuhusu. Sera ya umma ni uamuzi wa serikali juu ya nini kifanywe, kwa fedha ipi na kwa faida ya nani, pamoja na uamuzi wa kutofanya. Mwalimu mtarajiwa anayeuliza kwa nini wasichana wa darasa la sita wanapungua muhula wa tatu anatafiti sera. Muuguzi anayehesabu siku ambazo zahanati imekaa bila dawa za malaria anatafiti sera. Wafadhili wengi hawaangalii jina la shahada yako. Wanaangalia kama swali lako linagusa uamuzi ambao mtu fulani ofisini anaweza kuubadilisha.

Na uhusiano wa kimataifa? Nitautafiti vipi bila kupanda ndege?

Hili ninaulizwa karibu kila wiki, na linanisikitisha kidogo, kwa sababu anayeliuliza mara nyingi anaishi katikati ya mambo hayo bila kuyaona. Uganda inapakana na nchi tano. Ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000. Leo Jumuiya ina nchi nane, Kongo ikiwa imeingia 2022 na Somalia 2024. Makao ya Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki yako hapa hapa Kampala. Uganda ilikaa katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa 2009 na 2010, na Januari 2024 Kampala ilipokea mkutano wa kilele wa Vuguvugu la Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote. Nchi hii inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea.

Tazama pia mambo yaliyotikisa mipaka yetu miaka ya karibuni. Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna Februari 2019, ukaja kufunguliwa mwisho wa Januari 2022. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Mwenye lori alilala Busia, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, akisubiri, na mkulima wa Masindi akaona bei inaporomoka. Ukienda kumuuliza mkulima huyo aliuza wapi mahindi yake baada ya zuio, unatafiti uhusiano wa kimataifa kwa nauli ya basi.

Fedha zenyewe zinatoka wapi?

Niwe mkweli: ufadhili uliotengwa rasmi kwa utafiti wa shahada ya kwanza katika fani hizi, hapa Uganda, ni mchache. Usikae ukisubiri tangazo kubwa lenye jina zuri. Fedha huja kwa njia za pembeni, na nitazitaja ninazozijua.

Njia ya kwanza ni kuingia kwenye utafiti wa mtu mwingine. Makerere ina Mfuko wa Utafiti na Ubunifu unaotokana na fedha za serikali tangu 2019. Ni wa timu za wahadhiri, lakini timu hizo zinahitaji wasaidizi wa kukusanya na kusafisha takwimu. Kituo cha Utafiti wa Sera za Uchumi, kilichoanzishwa 1993 na kilichopo ndani ya eneo la chuo, kinatoa muhtasari wa sera mara kwa mara. Usome, halafu umwandikie mwandishi wake. ACODE, taasisi ya sera iliyoko Kampala, inapima utendaji wa mabaraza ya wilaya, na kazi ya namna hiyo haifanyiki bila watu wa kwenda wilayani. Mwanafunzi anayeingia kama msaidizi anatoka na posho, ujuzi, na mara nyingi ruhusa ya kutumia sehemu ya takwimu kwa tasnifu yake.

Njia ya pili ni ufadhili wa ada wenye kipengele cha utafiti ndani yake. Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, inatoa mkopo unaogusa ada ya masomo, ada za uendeshaji na ada ya utafiti. Ni mkopo, unarudishwa, na umeelekea zaidi masomo ya sayansi, kwa hiyo soma orodha ya kozi kabla ya kulipia fomu. Programu ya wasomi ya Mastercard Foundation iliyopo Makerere inalenga vijana wenye uwezo darasani lakini wasio na uwezo mfukoni. Wakimbizi wana DAFI, nitaifikia chini.

Njia ya tatu ni kubadilishana wanafunzi. Chuo chako kikiwa na makubaliano ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, na chuo cha huko Ulaya, unaweza kwenda huko muhula mmoja ukiwa bado mwanafunzi wa hapa. Nenda ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo, uliza makubaliano yaliyo hai mwaka huu ni yapi. Wanafunzi wengi hawajawahi kubisha mlango huo.

Sasa yale yasiyokuhusu kwa leo, maana muda mwingi unapotelea hapo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inataka uwe umehitimu na kufanya kazi miaka miwili. Fulbright ya Marekani kwa wanafunzi wa kigeni na Rhodes ya Afrika Mashariki, ile ya kwenda Chuo Kikuu cha Oxford, ni za baada ya shahada ya kwanza. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, iliyoanza 1948, ina jina kubwa, lakini mafunzo yake ni ya ngazi za juu. Ile programu ya kiangazi ya Marekani inayoitwa Public Policy and International Affairs inawalenga wanafunzi wa vyuo vya huko huko. Andika majina haya kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, utayarudia ukihitimu.

Ninahitaji alama gani?

Kwa kipimo cha Makerere, daraja la kwanza linaanzia 4.40 na la pili la juu linaanzia 3.60. Matangazo mengi yanataka daraja la pili la juu. Ukiwa na 3.4 usijitoe mwenyewe: kazi za usaidizi wa utafiti haziulizi sana alama, na mhadhiri akishakuona unavyosafisha takwimu, barua atakayokuandikia itasema yale ambayo hati ya matokeo haisemi.

Swali la utafiti nalipataje?

Kaa hapa kidogo.

Nilipokuwa mwaka wa tatu niliandika pendekezo lenye kichwa hiki: "Athari za Mtangamano wa Afrika Mashariki kwa Maendeleo ya Wanawake Nchini Uganda." Nilijivunia kichwa hicho. Msimamizi wangu alikisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanamke yupi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia nipande basi niende Busia, nikae siku tatu bila hojaji yoyote, nirudi na mwanamke mmoja.

Nilikaa karibu na mama anayeuza mukene, wale samaki wadogo ambao ukivuka mpaka wanaitwa omena, na ukishuka Mwanza ni dagaa. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Mama, unalipa kodi hapa mpakani?" Akanijibu, "Kodi? Hapana mwanangu, mimi silipi kodi." Nikaandika kwenye daftari: halipi. Siku ya pili nilibadilisha: "Mama, gunia hili likitoka hapa mpaka lifike soko la upande wa pili, unatoa pesa wapi na wapi?" Akaanza kuhesabu kwa vidole. Kuna kijana wa kupakia. Kuna yule mlemavu wa baiskeli ya miguu mitatu anayemvushia mzigo. Kuna risiti ya soko huku, risiti ya soko kule. Kuna vijana wanaosimama kwenye njia ya panya. Kuna mtu wa karatasi ya afya ya samaki, akimkuta. Alipofika mkono wa pili akanitazama: "Sasa hizi ndizo unaziita kodi?"

Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Katika Jumuiya yetu kuna Utaratibu Rahisi wa Biashara: bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinavuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili kinachojazwa pale pale mpakani. Yule mama asingedaiwa ushuru wa forodha getini. Kwa nini basi alipita njia ya panya na kulipa watu sita? Swali langu jipya lilikuwa mstari mmoja: ni gharama zipi, nje ya ushuru wa forodha, zinazomfanya mchuuzi wa mukene wa Busia aache geti apite njia ya panya? Lilikuwa na mtu, mahali, bidhaa, na uamuzi ambao ofisa anaweza kuubadilisha. Ombi lenye swali hilo lilipita.

Mfano mkubwa zaidi, unaojulikana duniani, umetoka hapa hapa kwetu. Miaka ya 1990 serikali ilikuwa ikipeleka ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule za msingi. Vitabuni fedha zilitoka, lakini shule zilibaki vile vile. Watafiti wa Benki ya Dunia, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walichukua shule 250 na kuuliza swali ambalo mtoto angeweza kuuliza: zilizotoka Kampala ni kiasi gani, na zilizofika shuleni ni kiasi gani? Kwa miaka ya 1991 hadi 1995, wastani wa zilizofika ulikuwa asilimia 13. Shule nyingi hazikupata hata senti. Baadaye serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hesabu ukutani. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Watafiti wengine wamehoji kama sifa yote ni ya magazeti, maana mageuzi mengine ya fedha yalikuwa yakiendelea wakati huo huo, na ubishi huo nao ni somo zuri kwako. Lakini tazama ukubwa wa swali lenyewe. Lilihitaji miguu, daftari na heshima ya kumuomba mwalimu mkuu afungue vitabu vyake.

Leo unaweza kuuliza hivyo hivyo kuhusu Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ule unaoitwa PDM mitaani, uliozinduliwa Kibuku Februari 2022 na unaotenga shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka. Usiutafiti mpango mzima. Chukua parishi ya nyumbani kwenu.

Pendekezo liwe na kurasa ngapi, na liandikweje?

Fuata idadi ya maneno waliyotoa. Wasipotoa, kurasa tano zinatosha. Ukurasa wa kwanza ubebe swali, mahali, na kwa nini wewe hasa. Ninachokiona mezani kila Jumamosi ni kurasa tatu za "Tangu uhuru, bara la Afrika limekabiliwa na changamoto mbalimbali". Futa. Anza na gunia la mukene.

Sehemu ya mbinu ndiyo inayosomwa kwa makini kuliko zote. Usiseme "nitafanya mahojiano". Sema utahojiana na wachuuzi wangapi, utawapataje, saa ngapi (alfajiri hawana muda, saa nane mchana wanapumzika), kwa lugha gani, na utafanya nini mtu akikataa.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Ombi lenyewe kwa kawaida ni Kiingereza, hakuna njia. Lakini uwanjani Kiswahili ni mtaji, na nawaomba mkiandike kwenye pendekezo kama sifa ya utafiti, kwa sababu wengi wanakificha. Busia, Malaba, Arua, Koboko, Bombo kwa Wanubi, Kisenyi na makazi ya wakimbizi wa Kikongo: kote huko Kiswahili kinafungua midomo. Katiba yetu, kwa marekebisho ya 2005, ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kianze kutumika hivyo kwa vitendo.

Tahadhari moja: Kiswahili cha mpakani si cha kitabuni. Jaribu hojaji yako kwa watu watano kabla ya kuichapa. Neno "kodi" lilinidanganya siku nzima, kumbuka. "Ushuru", "kodi", "ada", "risiti" na "chai" ni vitu tofauti kinywani mwa mchuuzi, na anayevichanganya anapata jibu la swali ambalo hakuliuliza. Fomu ya ridhaa pia itafsiriwe, isomwe kwa sauti, na mtu aelezwe kwamba anaweza kuacha wakati wowote.

Vibali gani vinahitajika?

Anza na barua ya utambulisho kutoka idarani. Bila hiyo hutapokelewa popote.

Utafiti unaohusu watu unapitia kamati ya maadili ya utafiti, na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia ndilo linalosimamia usajili wa utafiti nchini. Muulize msimamizi mapema idara yenu inashughulikiaje tasnifu za shahada ya kwanza, na usikusanye chochote kabla ya kupata jibu kwa maandishi. Kamati inachukua wiki kadhaa, kwa hiyo ingiza wiki hizo kwenye ratiba.

Ukienda makazi ya wakimbizi, unahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na pale makazini utajitambulisha kwa kamanda wa makazi. Wilayani, pita kwa ofisa mtendaji mkuu wa wilaya. Kijijini, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla hujamgusa mtu yeyote. Hata ukiwa na karatasi zote za Kampala, mwenyekiti akisikia habari zako kwa wengine umeharibu. Nenda asubuhi, msalimie, mweleze kwa ufupi, umwachie nakala ya barua.

Na taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Namba za simu za uliowahoji usiziweke kwenye faili moja na majibu yao.

Siwezi kusafiri. Naweza kufanya utafiti mzuri nikiwa Kampala?

Unaweza, na mwingine ni bora kuliko wa uwanjani. Shirika la Takwimu la Uganda, UBOS, lina tafiti za kaya na sensa ya 2024 iliyotuhesabu watu milioni 45.9. UBOS na Benki Kuu ya Uganda wamekuwa wakipima biashara isiyo rasmi ya mipakani tangu 2005. Kwa mtu wa masuala ya kikanda hiyo ni hazina. Afrobarometer, mtandao wa kupima maoni ya Waafrika, inatoa bure majibu ya Waganda kuhusu demokrasia, rushwa na huduma, raundi baada ya raundi. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge zipo, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali hutoka kila mwaka. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ipo hapa Wandegeya, hatua chache kutoka kwenye chai yangu, na majalada ya enzi ya ukoloni yanasubiri msomaji.

Raia wa Uganda ana silaha nyingine: Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005. Unaandika ombi kwa ofisa wa taarifa wa taasisi ya umma, naye anapaswa kujibu ndani ya siku 21. Hata jibu lisipokuja, nakala ya ombi yenye mhuri wa kupokelewa ni ushahidi wa kuweka kwenye tasnifu.

Bajeti niipangeje?

Nenda kituo cha basi uulize nauli ya leo. Uliza bei ya chumba kwa simu. Andika kila mstari kwa idadi na bei: safari ngapi, siku ngapi, kurasa ngapi za kuchapa. Mfadhili anayesoma "usafiri na mengineyo" anaweka ombi chini. Weka pia muda wa maongezi na data, na fedha ya kumlipa mkalimani kwa haki. Kuwalipa unaowahoji ni jambo la kamati ya maadili, liulizeni huko. Soda na kurudishiwa nauli kwa kawaida havina ubishi.

Mimi ni mkimbizi. Nina nafasi?

Unayo. DAFI ni ufadhili wa shahada ya kwanza kwa wakimbizi, unaendeshwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kwa msaada mkubwa wa serikali ya Ujerumani, na umekuwepo tangu 1992. Unagharamia masomo katika nchi uliyopata hifadhi, Uganda ikiwemo. Hakikisha kitambulisho chako cha mkimbizi hakijaisha muda. Vyeti vya Kongo au Sudan Kusini vinahitaji kulinganishwa na vya hapa, na hilo linachukua muda, kwa hiyo lianze leo hata kama tangazo halijatoka.

Na kitu ambacho nawaambia vijana wa Nakivale kila mara: watafiti wanakuja kutoka mbali kuuliza maisha ya makazini, wanakaa wiki mbili, wanaondoka. Wewe unajua nani anagawa maji, foleni ya chakula inaanza saa ngapi, na kwa nini watu wengine wanauza mgao wao. Andika hivyo kwenye ombi lako, bila aibu.

Barua za wadhamini nizipate vipi?

Muombe mhadhiri aliyekusahihishia kazi, usimfuate mwenye cheo kikubwa asiyekujua. Mpe wiki tatu au zaidi, pendekezo lako, hati ya matokeo, na tarehe ya mwisho kwa herufi kubwa. Mkumbushe kwa adabu wiki moja kabla. Na umtafute wa akiba. Mwaka wangu wa pili mhadhiri mmoja aliniahidi barua, siku ya mwisho simu yake ikawa imezimwa mpaka saa sita usiku. Nafasi ikapita. Sikumchukia, ila tangu hapo wadhamini wangu ni watatu pale wanapotakiwa wawili.

Nitawatambuaje matapeli?

Wanaomba "ada ya kushughulikia" kwa pesa za simu. Wanakuambia umeshinda kitu ambacho hukuomba. Wanataka nakala ya kitambulisho cha taifa na PIN. Piga simu kwa taasisi yenyewe, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe na si ile waliyokutumia.

Mada za siasa zina hatari?

Zinahitaji busara. Msimamizi ajue uko wapi kila siku. Kipindi cha kampeni, ahirisha mahojiano yanayogusa vyama. Swali kuhusu bajeti ya dawa linaweza kufika mbali kuliko swali kuhusu mtu, na halimweki aliyekujibu mashakani. Kwa wasichana naongeza: usihojiane na mtu nyumbani kwake ukiwa peke yako, na bajeti yako ibebe nauli ya mwenzako. Mfadhili mwema hatakataa mstari huo.

Naweza kutumia akili mnemba kuandika ombi?

Kusahihisha Kiingereza, sawa, kama tangazo halikatazi. Kutunga swali, hapana. Mashine haijakaa Busia.

Nimekataliwa. Nifanye nini?

Waandikie kuuliza maoni, wengine hujibu. Kisha punguza: mahali pamoja badala ya wilaya nne, wahojiwa ishirini badala ya mia mbili. Tasnifu utaiandika hata hivyo, maana ni sharti la kuhitimu, basi iandike kana kwamba umelipwa, na ndiyo itakayokuombea fedha mara ijayo.

Nikimaliza, matokeo niyapeleke wapi?

Nakala ya chuo, nakala ya mfadhili, kurasa mbili kwa ofisi ya wilaya. Kisha rudi kwa watu waliokujibu. Nauli ya safari hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu fedha zikiisha ndiyo inayosahaulika kwanza.

Mimi nilirudi Busia na kurasa mbili za Kiswahili. Nikamsomea yule mama na wenzake wanne, wakiwa wamekaa juu ya magunia. Walisikiliza kimya mpaka kwenye orodha ya malipo. Hapo mama akaninyooshea kidole: "Mwanangu, hapo umeruka. Hujaandika pesa ya kulinda mzigo usiku, geti likifungwa kabla hatujavuka." Wenzake wote wakaitikia. Nilimuuliza ni kiasi gani, nikaandika kwa kalamu pembeni, na Jumatatu nikapeleka idarani ukurasa uliosahihishwa.